MASHINE MPYA, MTARO WA KALE

Ndugu wafanya kazi,

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu anayetembea kando ya njia ya reli amekwisha kuliona kwa macho yake. Mashine mpya zimekuja. Hazikuja kwetu sisi wa reli. Zimekuja kwa makontrakta wanaofukia nyaya na mabomba chini ya ardhi, na kwa wale wanaosimamisha milingoti ya stima na ya simu. Lakini kazi yao inapita katika ardhi ya reli, chini ya mataruma yetu na juu ya vichwa vyetu. Basi mtu asiseme kwamba jambo hili ni la wengine.

Wakubwa wanazisifu sana mashine hizi. Sisi nasi twazisifu. Hapana mtu aliyeshika sululu kutwa nzima juani ambaye atalia sululu ikiondoka. Twalisema hili mwanzoni, ili asitokee mtu wa kutusingizia kwamba twapinga maendeleo. MASHINE SI ADUI YETU. Ugomvi wetu ni huu: mashine ni mpya, lakini masharti ya mtu anayesimama kando ya mashine ni yale yale ya kale, na mara nyingi hana masharti yo yote.

RELI NA WAYA NI NDUGU

Njia ya reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa simu ulifuatana nayo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na nguzo za waya zilisimama kando yake. Stesheni haikuweza kujua habari za stesheni nyingine pasipo waya ule. Tangu siku hizo reli na waya ni ndugu, na watu waliochimba kwa ajili ya mmoja ndio waliochimba kwa ajili ya mwingine, kwa sululu, mtaimbo na beleshi.

Siku hizi kazi hiyo imekuwa kubwa kupita ile ya zamani. Mwaka 2009 nyaya za faiba zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na kutoka hapo makampuni yakaanza kuichimba nchi kuelekea bara. Mwaka 2015 ukaja mpango wa kufikisha stima katika nyumba za vijijini. Mwaka 2022 serikali iliahidi kilomita 100,000 za faiba. Ukiyavua mambo hayo nguo zake nzuri, yote ni mtaro na mlingoti. Lazima mtu achimbe mtaro, na lazima mtu apande mlingoti. Je, mtu huyo ni nani, na analipwaje?

MASHINE YENYEWE

Kwa ndugu ambao hawajaiona, tutaeleza. Mashine ya kutoboa chini kwa chini inasimama upande mmoja wa barabara au wa reli. Inasukuma fito za chuma ardhini, moja baada ya moja, na fito ya mbele ina kichwa cha kukata. Ndani ya kichwa kile mna chombo kidogo kinachotoa ishara kama redio. Mtu mmoja anatembea juu ya ardhi na kipokezi mkononi, akijua kichwa ki wapi na kimekwenda kina gani, na dereva wa mashine anakigeuza apendavyo. Maji yaliyochanganywa na udongo laini uitwao bentonaiti yanapita katika fito ili kulainisha njia na kuzuia tundu lisianguke. Kichwa kikitokea upande wa pili, kinaondolewa, kinafungwa kingine kikubwa cha kupanua tundu, kisha bomba la plastiki linavutwa kurudi nyuma mpaka kwenye mashine. Barabara haikukatwa, treni haikusimama, na kazi ya juma zima imekwisha kwa siku moja au mbili. Ni kazi ya akili sana, nasi hatuikatai.

Kadhalika kuna milingoti ya saruji badala ya miti. Mchwa hawaili saruji, haiozi, wala moto wa nyasi hauichomi. Kuna nyaya za stima zilizovikwa ngozi ya plastiki na kusokotwa pamoja, ambazo tawi likiziangukia hazirushi moto upesi kama zile nyaya tupu. Kuna malori yenye kikapu cha kumwinua fundi hadi kwenye waya. Kuna vyombo vya kutafuta nyaya zilizofukiwa. Kuna malori yanayovuta udongo kwa upepo kama mtu anyonyaye mua, ili bomba lililo chini lifunuliwe bila kuguswa na chuma. Kuna masanduku ya chuma ya kushushwa katika mtaro ili kuta zisimwangukie mchimbaji.

Sasa, ndugu, sikieni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye neno lenyewe. Vitu hivi vyote vinauzwa pamoja. Kontrakta akienda kwa wauzaji anaviona vyote. Mashine inayompunguzia siku za kazi anainunua, hata kwa kukopa benki. Sanduku la chuma linalozuia udongo usimwue mtu, haliinunulii hata kwa fedha taslimu. Lori la kuvuta udongo anasema ni ghali, ati vijana wapo. Lori lenye kikapu anasema litakuja kesho, ati leo tumieni ngazi. Basi tusiambiwe kwamba usalama haujafika Kenya. Umefika dukani. Kontrakta amepita mbele yake akauacha.

SAA YA MVUA

Hatusemi maneno ya kusikia. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 tulikuwa tukibadilisha mataruma, na kando ya tuta letu kontrakta mmoja alikuwa akichimba mtaro wa kina cha futi sita. Mashine yake haikuweza kupita pale kwa sababu ya mabomba ya zamani, basi akaweka vijana kuchimba kwa mikono. Ardhi ilikuwa ule udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua huteleza kama sabuni. Udongo uliotolewa ulirundikwa ukingoni kabisa. Ndani ya mtaro hamkuwa na ubao hata mmoja.

Ilipofika saa nane mvua ilikuja, na ukuta ukaanguka. Kijana mmoja aliruka. Wa pili alifukiwa mpaka kifuani. Tuliacha reli yetu tukakimbia, tukamfukua kwa mikono mitupu, kwa maana tuliogopa kumkata kwa beleshi. Mita moja ya udongo, kwa urefu, upana na kina, ina uzito wa kadiri ya tani moja na nusu, yaani mifuko 30 ya simiti. Mtu aliyebanwa kifua hivyo akitoa pumzi, ya kuingiza haipati. Tulimtoa yu hai, mbavu zimevunjika. Nyapara alipoulizwa jina lake kamili hakulijua. Alikuwa na nambari ya simu tu.

Na ile mashine mpya? Ilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Ilifunikwa turubai isinyeshewe.

Hatutaisahau turubai ile. Mtu mwenye turubai ya kufunika chuma hawezi kutuambia kwamba hakuwa na fedha ya mbao. Kanuni zetu za kazi za ujenzi za mwaka 1984 zataka kuta za mashimo zizuiwe zisianguke. Huko Marekani, zitokako nyingi za mashine hizi, sheria yasema mtaro wenye kina cha futi tano au zaidi lazima uwe na kinga, isipokuwa umechimbwa katika mwamba mgumu. Mashine imevuka bahari, sheria yake imeachwa bandarini.

HATARI MPYA

Tena msidhani kwamba mashine imeondoa hatari zote. Nyingine imezigeuza tu.

Ya kwanza ni stima. Fito ya mashine ikigonga waya wa stima chini ya ardhi, mashine nzima yaweza kujaa stima. Dereva aliyefundishwa anajua kwamba lazima akae juu ya mashine yake asishuke, na kwamba aliye chini asiikaribie wala kuigusa. Mashine nyingi zina kengele ya kutangaza hatari hiyo. Lakini kijana aliyeokotwa asubuhi langoni hajui kengele ile inasema nini. Akiisikia, atakimbilia mashine amsaidie mwenzake, na atakufa kwa wema wake.

Ya pili ni vitu visivyoonekana. Chombo cha kawaida cha kutafuta nyaya husikia chuma na stima. Bomba la plastiki hakilisikii, wala faiba isiyokuwa na chuma ndani yake. Kila kontrakta anayefukia plastiki bila kuweka waya wa kuitambulisha pamoja nayo, na bila utepe wa rangi juu yake, anamtegea mtego mchimbaji wa miaka kumi ijayo. Chini ya Nairobi na Mombasa mna maji, stima, simu na mafuta. Mwaka 2011 petroli iliyovuja kutoka bomba kubwa iliwaka katika kijiji cha Sinai, Nairobi, na watu wapatao mia wakafa. Moto ule haukuletwa na mashine ya kutoboa, lakini ulituonyesha ni kitu gani kinapita chini ya miguu yetu. Anayetoboa ardhi kama hiyo pasipo ramani, na pasipo kuchimba kwanza vishimo vya kuhakikisha, anacheza na roho za watu.

Ya tatu ni milingoti ya saruji. Ina uzito mara nyingi kupita wa mti. Kuiinua kwataka kreni, wala si kamba na watu ishirini wakiimba harambee. Vyuma vya miguuni ambavyo mafundi walipandia miti haviumi saruji. Basi aliyeleta mlingoti wa saruji alipaswa kuleta na lori la kikapu, au ngazi ya haki na mshipi. Tumewaona mafundi wakipanda kwa kamba waliyojifungia wenyewe.

Ya nne yatuhusu sisi hasa. Mwaka 2024, kontrakta mwingine alitoboa chini ya njia yetu usiku, wala hapakuwa na amri ya kupunguza mwendo wa treni. Asubuhi mwenzetu mkagua njia aliona tope la kijivu limetoka katikati ya mataruma, na reli imebonyea. Alishika bendera nyekundu akaenda mbele kuisimamisha treni. Ni kazi yake, aliifanya. Lakini kama angalipita mahali pale nusu saa baadaye? Treni haina turubai.

MANENO YAO NA MAJIBU YETU

Wanasema: "Mashine ni ghali, kwa hiyo hatuwezi kuongeza mishahara wala kununua buti." Twajibu: Mashine imefanya kazi ya juma kwa siku mbili. Siku zile zingine fedha yake imekwenda wapi? Sisi tulikwenda shule ya misheni darasa chache tu, lakini hesabu ya kutoa tulifundishwa.

Wanasema: "Watu hawa hawana elimu ya mashine." Twajibu: Wafundisheni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imeweka mzigo wa kufundisha na kusimamia juu ya mwajiri. Haikusema mfanya kazi azaliwe anajua. Hata farao alidai matofali bila kutoa majani, na tunajua habari yake iliishaje.

Wanasema: "Hawa ni vibarua tu." Neno hili ndilo linalotuudhi kupita yote. Kibarua maana yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili ajulikane alifanya kazi akalipwe. Mabwana wa zamani walikuwa wagumu, lakini walitoa kikaratasi. Leo kijana anafanya kazi kando ya mashine ya mamilioni ya shilingi wala hana hata hiyo barua ndogo ambayo jina lake limetokana nayo.

Na sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Yasema tena kwamba akifanya kazi siku zinazofuatana mpaka zikatimia mwezi mmoja, au akiwekwa katika kazi ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, yeye si kibarua tena. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe. Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo yamtaka kila mwajiri awakatie bima wafanya kazi wake. Basi mtaro unaotoka mji mmoja hadi mji mwingine, je, ni kazi ya siku moja?

Wanajificha hivi: kampuni kubwa inampa kazi kontrakta, kontrakta anampa kontrakta mdogo, huyo anampa nyapara, na nyapara anaokota vijana barabarani. Fedha inashuka ngazi ile na kila mtu anamega. Ajali ikitokea inataka kupanda ngazi ile ile, na kila mtu anasema, "Si wangu." Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku hizi aliyeagiza kisima yuko ofisini, anaingia mwana wa mtu mwingine.

KOSA LETU SISI

Ndugu, tusiwaseme wengine tukajiacha. Siku ile ya mvua, kabla ukuta haujaanguka, tulikuwa tumeuona mtaro ule kwa siku tatu. Tulijua ni mbaya. Mmoja wetu alisema tuwaambie, na sisi wengine tukajibu, "Waache, hao si wa chama." Tuliendelea kupiga mataruma yetu.

Hilo ni kosa letu, na twaliandika hapa ili lisirudiwe. Tumezoea kujiona sisi ni watu wa reli, wenye kazi ya mwezi na jina katika kitabu, na wao ni watu wa kupita. Je, mnadhani wakubwa hawaoni? Wakiona mtaro unachimbika kwa watu wasio na mkataba, kesho watauliza kwa nini reli isikarabatiwe kwa watu wasio na mkataba. Wengine wameanza kuuliza. Anayekubali jirani yake anyang'anywe, anamwonyesha mwizi njia ya kwake.

TUNALODAI

Hatuna haja ya kungoja Bunge. Hapana kontrakta awezaye kupita katika ardhi ya reli pasipo ruhusa ya reli. Ruhusa ile ni mlango, na mlango una ufunguo. Twataka chama chetu kikae na wakubwa wa reli, na ruhusa ya kuchimba au kutoboa isitolewe mpaka mambo haya yameandikwa ndani yake:

1. Kila mtu anayefanya kazi katika ardhi ya reli awe na jina lake kamili katika kitabu, barua yake mkononi, na bima. Kontrakta wa kwanza ndiye atakayejibu, hata kama amegawa kazi kwa wengine kumi.

2. Hapana mtu kuingia katika mtaro mrefu kupita kiuno chake pasipo mbao au sanduku la chuma, na udongo usirundikwe ukingoni.

3. Kabla ya kutoboa, nyaya na mabomba yatafutwe kwa chombo, na pale yanapopitana yafunuliwe kwa vishimo vya mkono au kwa lori la kuvuta udongo. Kila bomba la plastiki lifukiwe na waya wa kuitambulisha na utepe.

4. Hapana kutoboa chini ya njia pasipo mtu wa reli kusimama pale mwanzo hata mwisho, reli kupimwa kabla na baada, na treni kupewa amri ya mwendo wa polepole.

5. Mashine mpya iletwe pamoja na mafundisho yake, kwa Kiswahili, kwa watu wote wanaoizunguka, si kwa dereva peke yake. Anayesoma mashine apewe cheti, na mshahara ufuate cheti.

6. Buti, glavu, kofia na mshipi vitolewe na mwajiri bila kumkata mtu mshahara.

Haya si mageni. Mengi yamo katika sheria tayari. Twataka yatoke katika kitabu yaingie katika mtaro.

Na kila mwanachama afanye neno moja kuanzia kesho. Ukiona mtaro mbaya, simama. Uliza jina la nyapara na jina la kontrakta, uandike, ulete kwa katibu wa tawi lako. Waambie vijana walio ndani watoke. Ukiambiwa kwamba si kazi yako, jibu kwamba treni inayopita hapa ni kazi yako. Kisha uwaeleze vijana habari za chama, maana mlango wa chama haujafungwa kwao, ni sisi tuliokuwa tumeziba njia kwa kiburi.

Kijana yule alipona. Tulikwenda kumtazama akiwa kwao. Hawezi tena kuinua kitu kizito, wala hakupata fidia, kwa sababu hapana karatasi isemayo kwamba alikuwako pale. Sisi tulikuwako. Tumemwambia tutakwenda kuyasema tuliyoyaona mbele ya yeyote atakayetaka kutusikiliza, na katibu wa tawi ameanza kuandika madai yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni sisi wenzenu wa gengi la njia.